Hiari Inapogeuka Lazima: Mhadhara juu ya Kuzeeka kwa Lugha za Programu



Watu wa fani yetu wana ada moja isiyopendeza, nayo ni kuzitazama lugha za programu zilizotangulia kwa jicho la mtu aliyekwisha kujua mwisho wa hadithi, wakasema kwamba fulani alikosea hapa na fulani hakufikiri pale, kana kwamba waliozitunga walikuwa wajinga, ilhali aghalabu walikuwa mafundi hodari kuliko sisi, na walilolichagua lilikuwa na sababu iliyo dhahiri siku ile lilipochaguliwa. Sikusudii kuwatetea jioni hii, maana wengi wao wameandika wenyewe habari za kazi yao kwa unyofu unaotosha. Ninalotaka kulieleza ni kwamba uamuzi wa mtunzi wa lugha huanza ukiwa hiari, na baada ya muda, ambao mara nyingi ni mfupi kuliko tunavyodhani, hugeuka lazima. Na kwamba kinachougeuza si wingi wa miaka, bali ni maandiko ya watu wengine yaliyokwisha kuutegemea.

Tuanze na alama moja ndogo ya lugha ya C. Lugha hii ilitungwa na marehemu Dennis Ritchie katika maabara ya Bell Labs, huko New Jersey nchini Marekani, baina ya mwaka 1969 na 1973, juu ya msingi wa lugha iliyoitwa B, kazi ya mwenziwe Ken Thompson. Nayo B ilitoka katika BCPL, iliyotungwa na Martin Richards wa Cambridge, Uingereza. Katika B alama & ilibeba kazi mbili. Ilipokaa ndani ya sharti la if iliunganisha kauli mbili, kwamba hii ni kweli na ile pia ni kweli. Ilipokaa kwingineko iliambatanisha biti za namba moja na biti za namba ya pili. Kompaila ilitambua kazi iliyokusudiwa kwa kutazama mahali alama ilipowekwa. Kwa ajili ya ile kazi ya kwanza ilikuwa haki kwamba ulinganisho, ambao huandikwa ==, ufanywe kwanza, na & ifuate nyuma yake, kwa kuwa mtu hulinganisha kauli zake kabla ya kuziunganisha.

Utaratibu huo wa maana mbili ulikuwa mgumu kuuelezea wageni, na mtu mmoja aitwaye Alan Snyder akapendekeza kwamba kuunganisha kauli kupewe alama zake za pekee, && na ||. Pendekezo lilikubaliwa, na & ikabakiwa na kazi ya biti peke yake. Sasa, kwa kazi hiyo iliyobaki, & ilistahili kupandishwa cheo itangulie mbele ya ==, kama vile kujumlisha kunavyotangulia mbele ya kulinganisha. Haikupandishwa. Iliachwa pale pale ilipokuwa, ikiwa na cheo cha kazi iliyokwisha kunyang'anywa.

Tuione taabu yake kwa karibu. Tuseme mtu ana namba aliyoiita bendera, ambayo kila biti yake huonyesha jambo fulani kuwapo au kutokuwapo, naye ataka kujua kama ile biti yenye thamani ya 4 imezimwa. Anaandika, kama akili ya mtu yeyote inavyomwelekeza, bendera & 4 == 0. Kompaila ya C huanza na 4 == 0, jambo lisilo kweli, kwa hiyo jibu lake ni sifuri; kisha huchukua bendera & 0, nayo ni sifuri daima, hata bendera iwe na thamani gani. Programu haikatai wala haisimami. Inajibu "si kweli" usiku na mchana, mpaka siku mwandishi wake atakapozinduka na kuweka mabano, (bendera & 4) == 0.

Kwa nini basi haikurekebishwa siku ile ile, wakati lugha ingali changa? Mwaka 1982 Ritchie alilieleza jambo hilo mwenyewe: palikuwa na kilobaiti mia kadhaa za programu zilizokwisha kuandikwa, na mahali patatu palipoitumia lugha hiyo. Mahali patatu tu! Leo kilobaiti mia kadhaa hazitoshi picha moja nzuri ya simu, na watumiaji wa mahali patatu mtu angeweza kuwaendea kwa miguu akawaomba radhi mmoja mmoja. Hata hivyo mtunzi aliona kwamba mkono wake umekwisha kufungwa, kwa sababu kuibadili & kungezipa programu zile maana nyingine bila ya kuzivunja, na programu iliyobadilika maana kimya kimya ni hatari kuliko iliyovunjika. Katika miji yetu ya pwani yenye nyumba za mawe, mwenye ukuta aweza kuubomoa apendapo, mpaka siku jirani atakapoegemeza boriti zake juu yake. Tangu siku hiyo ukuta ni wa mmoja kwa hati na wa wawili kwa matumizi. C ilikuwa na boriti za jirani kabla hata haijapata kitabu chake, ambacho kilitoka mwaka 1978.

Linaloajabisha zaidi ni urithi wake. C++, kisha Java, kisha JavaScript, zote zilikiendeleza cheo kile kile cha &, ingawa Java na JavaScript hazikuwa na hata mstari mmoja wa programu za zamani za kulinda. Zilichokuwa nacho ni wasomaji waliokwisha kuizoea C, na mazoea ya wasomaji ni maandiko pia, ila yameandikwa vichwani. Python ilithubutu kuiweka & mahali inapostahili. Ilithubutu vile vile lugha ya Go, ambayo mmoja wa watunzi wake watatu ni yule yule Ken Thompson wa B. Yapata miaka 40 ilipita kati ya kazi hizo mbili, na ilimbidi fundi huyu kuanza lugha mpya ili apate tena hiari aliyokuwa nayo katika ile ya kwanza.

Nisije nikaonekana naionea C, nirudi nyuma zaidi, kwa FORTRAN, ambayo marehemu John Backus na wenzake wa kampuni ya IBM waliitoa mwaka 1957 kwa ajili ya mashine ya IBM 704. Mwenye kuandika programu siku hizo hakuandika juu ya kioo. Alitoboa kadi zenye safu 80, na kisomeo cha mashine kilisoma safu 72 tu. Kwa hiyo safu 5 za mwanzo ziliwekewa namba ya kauli, ya 6 ikawa ya kuonyesha kwamba kadi hii inaendeleza kadi iliyotangulia, na kauli yenyewe ikakaa kuanzia safu ya 7 hadi ya 72. Zilizosalia watu walizitumia kuandika namba za mfuatano, ili kadi zikimwagika sakafuni ziweze kupangwa upya. Hakuna aliyekaa akafikiri kwamba maandishi yanapendeza yakianzia safu ya 7. Lilikuwa umbo la kadi, likageuka kanuni ya lugha. Na kadi zilipokwisha kutoweka kanuni ilibaki, hata watu ambao hawajapata kuona kadi kwa macho yao wakawa wanahesabu nafasi 6 kwenye kioo kabla ya kuandika neno. Ni Fortran 90 iliyoleta maandishi huru, na hata hiyo haikuyafukuza yale ya safu, bali iliyaacha yaendelee ubavuni.

Uamuzi mwingine wa mabwana hao ulikuwa kwamba jina linaloanza na herufi I, J, K, L, M au N lichukuliwe kuwa la namba kamili, na lililoanza na herufi nyingine liwe la namba ya desimali. Ilikuwa ni heshima kwa desturi ya wanahesabu, na iliokoa kadi. Lakini ilileta balaa yake, maana mtu akikosea herufi moja ya jina, kompaila haimwambii kwamba jina hilo halijulikani, bali hulizaa jina jipya papo hapo na kuendelea na safari. Dawa iliyotiwa katika Fortran 90 ni maneno mawili, IMPLICIT NONE, ambayo mwandishi huyaweka juu ya kazi yake kusema kwamba hataki kudhaniwa chochote. Hivyo kila programu njema ya Fortran leo huanza kwa kuikana tabia ya lugha yake yenyewe, na asiyeandika maneno hayo angali anasomwa kwa kanuni ya mwaka 1957. Na ile IF ya pande tatu, iliyokuwa ikiipeleka programu kwenye kauli moja kati ya tatu kwa kadiri namba ilivyo chini ya sifuri, sifuri, au juu yake, ilitangazwa kuwa imechakaa katika Fortran 90 na kufutwa katika Fortran 2018, baada ya miaka 61. Kufutwa kwenye karatasi, nasema, kwa kuwa kompaila zinazotumika zaidi zingali zinaipokea, zikinung'unika kidogo. Wenye kompaila wanajua kwamba hesabu za hali ya hewa na za uhandisi zimo katika Fortran, na kwamba hata mwanafunzi anayetatua milinganyo kwa maktaba za Python aghalabu anazitumia programu za LAPACK, zilizoandikwa kwa Fortran, pasipo yeye kujua.

Mtu aweza kuuliza kama hatari kubwa haitoshi kuiharakisha lugha. Haitoshi. Katika maktaba ya C palikuwa na kazi iitwayo gets, iliyosoma mstari kutoka kwa mtumiaji bila ya kuuliza mstari huo una urefu gani, ikaumimina katika nafasi iliyoandaliwa hata kama nafasi imejaa na kufurika. Mwezi wa Novemba mwaka 1988 programu ya mwanafunzi mmoja ilienea katika intaneti ya siku hizo ikalemaza maelfu ya mashine, na moja ya njia zilizoiwezesha kuingia ilikuwa gets. Mwaka uliofuata C ikapata hati yake rasmi ya kwanza, na gets ikiwamo ndani. Ikawamo pia katika hati ya mwaka 1999. Ilitolewa mwaka 2011, yaani miaka 23 baada ya msiba, na wakati huo walimu walikuwa wamekwisha kuiharamisha kwa kizazi kizima.

Sasa nafika kwenye kisa ambacho wengi waliomo ukumbini humu wamekipitia wenyewe, nacho ni cha Python. Lugha hiyo ilianzwa na Guido van Rossum huko Amsterdam katika mapumziko ya Krismasi ya mwaka 1989, ikatolewa hadharani mwaka 1991, na kwa miaka mingi 7/2 ndani yake ilikuwa 3, kwa sababu C ilifanya hivyo. Na print ilikuwa kauli isiyo na mabano. Na maandishi ya lugha za watu yalichanganywa na baiti tupu katika chombo kimoja. Hilo la mwisho ndilo lililokuwa donda. Mchanganyiko ule ulikwenda salama maadamu herufi zote ni zile za Kiingereza kitupu, na Kiswahili chetu cha herufi za Kirumi kilinusurika kwa bahati, kwa kuwa hakina herufi yenye kofia wala nukta ya ziada. Lakini siku lilipoingia jina la José, au beti za utenzi zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu kama wazee wetu walivyokuwa wakiandika, programu iliyopita majaribio yote ilianguka mbele ya mteja.

Watunzi waliamua kuyang'oa yote hayo kwa pamoja. Python 3 ilitoka mwezi wa Desemba mwaka 2008, nayo ilikuwa safi: 7/2 ikawa 3.5, print ikapewa mabano, maandishi yakatengwa na baiti. Kisha watu hawakuja. Ile Python 2, iliyokuwa imepangiwa kuaga mwaka 2015, mwaka 2014 iliongezewa muda hadi mwanzo wa 2020. Na katikati ya safari ilibidi lugha mpya ilegeze msimamo, hata mwaka 2012 ikairudisha ile herufi u iliyotangulia maandishi katika Python 2, herufi isiyo na kazi yoyote katika Python 3 ila kuwarahisishia wahamiaji. Miaka 11 ilipita kati ya kuzaliwa kwa moja na kufungwa kwa nyingine.

Wapo wanaosema kwamba kosa lilikuwa ni kubadilisha mengi mno. Mimi siafiki. Mabadiliko yenyewe yalikuwa ya haki, na mstari mmoja mmoja hayakuwa magumu. Palikuwa na chombo cha kuyafanya mengi yake bila ya mkono wa mtu. Kosa lilikuwa kwamba matoleo mawili hayakuweza kukaa katika programu moja. Mwenye kazi iliyotegemea maktaba kumi hakuweza kuhama mpaka zote kumi zihame, na mwenye maktaba hakuona sababu ya kuhama ilhali wateja wake wangali upande wa pili. Hivyo kila mmoja alimngoja mwenziwe mlangoni. Perl ilipata makubwa zaidi: lugha iliyotangazwa mwaka 2000 kwa jina la Perl 6 ilitoka mwaka 2015, na mwaka 2019 ikabadilishwa jina ikaitwa Raku, kwa kuwa Perl ya zamani ilikuwa haina nia ya kufa.

JavaScript haiwezi hata kujaribu jambo kama hilo. Brendan Eich aliiandika kwa siku kumi mwezi wa Mei mwaka 1995 katika kampuni ya Netscape, na tangu siku za mwanzo ukiiuliza null ni kitu cha aina gani itakujibu kwamba ni "object", jibu ambalo kila mtu anajua si sahihi. Pendekezo la kulirekebisha lililetwa likakataliwa, maana kurasa za tovuti zinazolitegemea jibu hilo hazihesabiki, na wenye kurasa hizo wengine wamehama, wengine wamekufa, na kivinjari hakina wa kumpigia simu. Mwaka 2018 kamati ilitaka kuongeza kazi ya kukunjua orodha iliyomo ndani ya orodha, iitwe flatten. Ikaonekana kwamba maktaba ya zamani iitwayo MooTools ilikwisha kulitumia jina hilo kwa namna yake, na tovuti zilizokuwa zikiitumia zingeharibika. Watu wazima wenye elimu walijadiliana kwa majuma kadhaa, mmoja wao akatupa jina la mzaha kabisa, na mwishowe ikaitwa flat. Aliyeamua jina hilo, tukisema kweli, ni tovuti chache zilizosahauliwa na wenyewe.

Nimeacha kwa makusudi hadi sasa lugha mbili zilizojifunza kwa hasara ya wenzao. Rust ilipotoa toleo lake la kwanza la kudumu mwaka 2015 ilikwisha kuahidi kutovunja kazi za watu, na tangu hapo imeweka kile inachokiita matoleo ya mwaka: 2015, 2018, 2021 na 2024. Kila mradi hutaja katika faili lake la maelezo ni wa toleo gani, na kompaila husoma kila mradi kwa kanuni za toleo lake, kisha huunganisha yote katika programu moja. Neno async, kwa mfano, lilifanywa neno la lugha tangu toleo la 2018. Mradi wa 2015 ungali huru kulitumia kama jina la kitu chake, na miradi hiyo miwili hufanya kazi pamoja bila ya ugomvi.

Go ilifika hapo kwa njia ndefu. Mwaka 2012, ilipotoa Go 1, iliahidi kwamba programu zilizoandikwa kwa kanuni hiyo zitaendelea kufanya kazi. Lakini ilikuwa na kasoro katika kitanzi chake. Tuseme programu inapita juu ya majina matatu, Asha, Juma na Mwanaidi, na kwa kila jina inaanzisha kazi ndogo itakayoliandika jina hilo baadaye kidogo. Katika Go ya zamani kigeu cha kitanzi kilikuwa kimoja tu kwa mizunguko yote. Kwa hiyo kazi zile tatu zilipoamka aghalabu zilikuta humo jina la mwisho, na Mwanaidi akaandikwa mara tatu. Kila mwanafunzi wa Go alinasa katika mtego huu, na mafundi pia: mwaka 2020 shirika la Let's Encrypt, linalotoa hati za usalama za tovuti, lilitangaza kwamba hati zipatazo milioni 3 hazina budi kubatilishwa, kwa hitilafu iliyotokana na kigeu cha namna hiyo hiyo. Mwezi wa Februari mwaka 2024, Go 1.22 ilikifanya kigeu kuwa kipya katika kila mzunguko. Ahadi ilisalimikaje? Kwa mstari mmoja katika faili liitwalo go.mod, ambamo mradi hutaja ni wa Go ya ngapi: uliotaja 1.22 au zaidi husomwa kwa kanuni mpya, na uliotaja iliyo chini yake husomwa kwa ile ya kale.

Wapo wenzangu wanaolichukia jambo hilo, na hoja yao ina uzito. Mistari ile ile ya kitanzi, herufi kwa herufi, ina maana mbili, na mwenye kuisoma hawezi kujua ni ipi mpaka afungue faili jingine. Akiinakili kutoka mradi mmoja hadi mwingine aweza kubadili maana yake bila ya kugusa herufi. Mimi naipokea gharama hiyo, kwa kuwa ile ya Ritchie, ya kuacha & ilipo kwa ajili ya mahali patatu, imelipwa na kila aliyeandika C tangu siku ile, na ile ya Python ililipwa na watumiaji kwa miaka 11, ilhali hii ya Rust na Go sehemu yake kubwa inalipwa na watunzi wenyewe. Kompaila ya Rust ya leo bado inausoma mradi wa 2015, na aliyeongezwa mwaka huu katika kundi la waitunzao sharti ajifunze, pamoja na kanuni za sasa, kanuni ambazo hakuna anayeziandikia kazi mpya.